Unga wa Mti Mwingine

Shangazi yangu, dada ya baba, aliishi Bungoma mjini, nyuma ya msikiti, katika nyumba ya vyumba viwili. Pande mbili za mlango wake palikuwa na mimea miwili ambayo watu wengi walidhani ni michikichi iliyokataa kukua. Majani yake yalikuwa marefu na magumu, yenye miiba midogo ukingoni, na yalichomoza kutoka ardhini kana kwamba mmea hauna shina. Shina lilikuwepo, ila lilikuwa fupi na nene, limezama udongoni kama kiazi kikubwa. Mgeni akipita na kanzu au buibui, lazima jani moja limkwaruze. Shangazi alikuwa akicheka na kusema, "Huyo ni bwana, hapendi watu." Ikiwa mgeni amekwaruzwa upande wa pili, alisema, "Huyo ni bibi, anakusalimia tu."

Hayo majina hayakuwa mzaha mtupu. Mmea mmoja, kila baada ya miaka kadhaa, ulitoa katikati ya majani kitu chembamba kama gunzi la mahindi, kikamwaga unga wa manjano. Ule mwingine ulitoa gunzi nene, zito, lisilokuwa na unga. Shangazi hakusomea mimea, lakini alikuwa amewatazama kwa miaka mingi kila asubuhi akifagia, na alijua nani ni nani. Alichokuwa akisubiri ni siku ambayo wote wawili wangetoa magunzi pamoja. Mara mbili walipishana. Bwana alimwaga unga wake wote kwenye saruji, bibi akiwa hana kitu.

Aliyeileta ni marehemu mume wake. Alikuwa dereva wa greda, akifanya kazi na watu wa barabara kaskazini huko, na mahali fulani walikuwa wakipasua mlima wa mawe. Aliikuta mimea hiyo mbele ya greda, midogo kama vitunguu, akashuka akaichimba, akaifunga na gunia lililoloweshwa maji. Alirudi nyumbani nayo badala ya kanga aliyokuwa ameahidi. Shangazi alipenda kusimulia jinsi alivyonuna wiki nzima. Mume alikufa mimi nikiwa bado shuleni, na jina la ule mlima likaenda naye.

Mimi kazi yangu ni bustani. Nina kitalu cha miche Kitale, kando ya barabara ya Kiminini, na watu huniita kuwapangia viwanja vya nyumba zao: nyasi, maua, vijia vya mawe, miti ya kivuli. Siku hizo nilikuwa nimeanza kupata wateja wakubwa, na kichwa kilikuwa kimeanza kunivimba. Nilipokwenda Bungoma kumwona Shangazi, nilimtazama bwana na bibi kwa jicho la fundi, nikamwambia, "Shangazi, hii ni saikadi. Ile ile ya kigeni iko kwa kila hoteli. Mimi ninayo kwa kitalu."

"Hapana," akasema. "Hii mume wangu alitoa mlimani."

"Labda kulikuwa na nyumba ya mzungu hapo zamani, akaipanda."

"Mlima wa mawe, mwanangu. Nani atajenga nyumba huko?"

Nilitabasamu lile tabasamu la mtu anayejua. Nalikumbuka bado, na natamani angenipiga kofi.

Kisha akaja mteja, mama mmoja aliyekuwa amejenga nyumba kubwa nje kidogo ya Kitale. Jumamosi ingekuwa sherehe ya kuifungua, na alitaka kitu cha kusimama mbele ya baraza, kitu kizee, kitu ambacho jirani hana. Saikadi zangu za kitaluni zilikuwa changa. Nikaenda Bungoma siku ya Jumatano na gari la kukodi, nikiwa na jembe, sururu na magunia.

Shangazi alikaa kwenye kibao chake, akanisikiliza hadi mwisho. Nilimwambia mmea ungepata nafasi kubwa zaidi, ungepata mtu wa kuumwagilia kila siku, watu wangeuona. Nilimwambia pale mlangoni umebanwa na saruji. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshamwahidi mteja. Mwishowe akasema, "Bibi siwezi kumtoa. Bwana labda. Yeye amezoea safari."

Alisimama hapo nikichimba. Kila sururu ilipogonga, alisema, "Polepole." Tulipomfunga bwana kwenye gunia, akanishika mkono.

"Huyu bibi akitoa gunzi, uniletee unga wa bwana. Hiyo tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi.

Nilimpanda siku iliyofuata. Udongo wa pale ni mwekundu, mzito, na ni wa kushika maji. Nilichimba shimo refu nikatia samadi nyingi, maana nilitaka mmea uonekane umesimama imara, na nilipenda majani yatandazike chini sawa na nyasi, kwa hiyo nilifukia shina lote hadi kwenye kitovu cha majani. Kisha nikafungua bomba la kunyunyizia nyasi. Alikuwepo mama mmoja wa Kipsongo niliyezoea kumpa kibarua cha kupalilia. Alisimama akatazama, jembe begani.

"Si umezika sana?" akauliza. "Hii kitu ni kama kiazi. Itaoza."

"Wewe palilia," nikamwambia.

Sherehe ilifana. Mteja alipiga picha nyingi na wageni wake mbele ya ule mmea, akaniletea wateja wengine watatu. Mvua za masika zikaja, na za mwaka ule zilikuwa nyingi. Mimi nilikuwa nimeshahamia kazi nyingine.

Miezi kama minane baadaye, sisi wenye vitalu tuliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili hapo Kitale. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mpole, mtaalamu wa mimea ya asili. Siku ya pili alitoa majani mawili kwenye mfuko wa plastiki, akayapitisha kwa kila mtu.

"Yote ni saikadi," akasema. "Ng'oa kipande kidogo cha kila moja, ukitazame kwa mwanga. Kikiwa na mshipa mmoja katikati, basi ni ile ya kigeni mnayouza ninyi wote. Kama hakuna mshipa wa kati, ila mishipa mingi myembamba inayokwenda sambamba kama mistari ya daftari, hiyo ni yetu. Ni ya milima ya huku kwetu."

Nilishika kile kipande cha pili nikakiinua dirishani. Mistari ya daftari. Na ukingoni, miiba midogo.

Aliendelea kueleza. Hukua polepole mno. Ukiona iliyo ndogo, usidhani ni changa, huenda imekuzidi umri. Haitaki maji kusimama. Ipande juu kidogo ya ardhi, shina lichungulie, udongo uwe na mchanga na changarawe. Kila mti ni dume au jike, na peke yake hauzai. Porini watu wameichimba hadi milima mingine imebaki mitupu, na siku hizi ni kosa kisheria. Ndiyo sababu iliyo kwenye nyumba za watu ni ya kutunzwa, hasa ikiwa dume na jike wa mlima mmoja wako pamoja. "Hao," alisema, "ni hazina. Usiwatenganishe kamwe."

Sikungoja chai ya saa nne. Nilichukua pikipiki hadi kwa yule mteja. Bwana alikuwa amesimama pale pale mbele ya baraza, majani yake yamegeuka manjano. Nilishika majani ya katikati nikavuta, nayo yakatoka yote mkononi bila kunipinga, na harufu ikatoka nayo kama ya viazi vilivyooza ghalani. Nilichimbua. Shina lilikuwa uji.

Mteja alitoka barazani, akatazama shimo, akasema, "Aa, ilikuwa inazeeka hata. Niletee maua ya waridi."

Nilipaswa kumpigia Shangazi siku ile. Nilikaa juu ya ukuta wa kitalu changu na simu mkononi, nikabonyeza jina lake. Aliitika upesi, na kabla sijasema neno akauliza, "Bwana anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Ilitoka yenyewe. Nilijiambia nitamweleza nikifika Bungoma, uso kwa uso, maana mambo kama hayo si ya simu. Nilipofika Bungoma, nilijiambia si vizuri kumweleza mbele ya wageni. Kila tulipozungumza aliniuliza, na mimi nikaongeza kitu kidogo: ametoa majani mapya, watu wanamsifu. Mwaka mmoja na zaidi ukapita. Siku moja, nikitaka kumfurahisha kwa kuwa alikuwa na homa, nikamwambia ametoa gunzi, na kwamba nimehifadhi unga wake kwenye friji.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi bibi akiwa tayari, tuko sawa."

Bibi alikuwa tayari mwaka uliofuata. Shangazi alinipigia asubuhi, sauti yake changa kama ya mtoto. Gunzi limetoka, nene kama chupa ya soda, na magamba yake yameanza kuachana. Nije haraka.

Kuna kanisa moja Kitale ambalo ua wake una saikadi kubwa ya kigeni, dume, na wakati ule ilikuwa na gunzi refu la manjano. Nilikwenda nikaomba ruhusa kwa mlinzi, nikalikung'uta juu ya bahasha. Unga ulikuwa mwingi, laini, wa rangi ile ile. Nilijua kabisa kwamba hautafanya kitu. Ni kama kumpeleka jogoo kwa bata. Niliifunga bahasha nikasafiri.

Kwa Shangazi nilimkuta jirani yake, mwalimu mstaafu, Mkristo, mzaliwa wa Kimilili, aliyekuwa rafiki yake wa miaka yote. Wote walimwita Mwalimu. Alikuwa amekuja kushuhudia. Shangazi alikuwa amejifunga leso safi, ameandaa mrija wa soda na brashi mpya ya kupakia rangi ya kucha. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, akaifungua, akanusa.

"Ni yeye," akasema.

Alipiga magoti kwenye saruji, magoti yale yaliyomuuma hata wakati wa swala. Akasema bismillahi, akachota unga kidogo kwa mrija, akapuliza kati ya magamba, safu kwa safu, akizunguka gunzi lote. Mwalimu alishika bahasha. Nami niliyainua majani ili yasiwachome. Ilichukua karibu saa nzima. Alipomaliza, nywele zake za mbele zilikuwa za manjano, na alikuwa akitabasamu peke yake.

Ningeweza kusema hapo. Ningeweza kusema wakati wowote katika ile saa nzima.

Gunzi lilikaa miezi mingi, kisha likasambaratika lenyewe, na ndani mlikuwa na mbegu zenye nyama nyekundu inayong'aa. Shangazi alidhani hiyo ni dalili ya kwamba imefaulu. Mtaalamu wetu alikuwa ametuambia kwamba mbegu hizi zinaweza kujaa na kuiva hata bila kupata chavua, lakini ndani huwa tupu. Nilikwenda kumsaidia kuzisafisha. Tulivaa glavu, kwa sababu ni sumu, tukafungia kuku wa jirani, tukamenya nyama yote, tukatia mbegu kwenye beseni la maji.

Zote zilielea.

Shangazi alizisukuma chini kwa kidole, zikarudi juu. "Zinaelea," akasema. "Hiyo ni kawaida?"

Mbegu nzima huzama. Nilijua hilo.

"Ni kawaida, Shangazi."

Alizipanda kwenye mkebe wa mchanga, zimelala ubavu, nusu nje. Zilizobaki aliwagawia watu: wanawake wanne anaoswali nao, muuza vitenge wa karibu na soko, na Mwalimu. Kila mmoja alimpa tatu, akamweleza namna ya kumwagilia, maji kidogo tu mara moja kwa wiki, na subira. "Zinaweza kuchukua mwaka," alisema. "Usichimbue kuangalia."

Kila nilipokwenda Bungoma baada ya hapo, wale wanawake waliniita barabarani. Mmoja alisema ya kwake ameiweka kwenye dirisha la chumba cha wageni. Mwingine aliniuliza kama ni vizuri kuifunika na nailoni wakati wa baridi. Niliwajibu wote kitaalamu.

Mwaka ukaisha. Mwalimu ndiye aliyechimbua. Alikuwa amefundisha sayansi maisha yake yote, na hakuweza kusubiri bila kujua. Alipasua mbegu zake tatu kwa kisu, akazikuta zote zina kitu kikavu kama karatasi iliyosinyaa. Akanipigia simu, hakumwambia Shangazi.

"Nieleze," akasema. "Ule unga ulikuwa wa nini?"

Nilikwenda Bungoma siku ile ile. Ilikuwa alasiri, watu wanatoka msikitini. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni, mkebe wa mchanga miguuni. Nilikaa chini kwenye saruji, mahali alipokuwa bwana, nikamweleza yote tangu mwanzo: udongo, bomba, mama wa Kipsongo, majani yaliyotoka mkononi, kanisa, bahasha, beseni. Sikulia. Nadhani nilitaka kulia ili anihurumie, lakini machozi hayakuja, na sasa nashukuru hayakuja.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Alikufa lini?"

Nikamwambia mwezi.

Alihesabu kimya. "Kwa hivyo nilipokuwa nauliza habari zake, nilikuwa nauliza habari za maiti."

"Nisamehe, Shangazi."

"Ungeniambia amekufa, ningelia siku moja nikanyamaza. Mimi nimefiwa, najua kufiwa. Sasa umenifanya nipige magoti mbele ya Mwalimu kama mwendawazimu, napuliza unga wa mti mwingine. Na hawa watu wote wanamwagilia mchanga."

Aliinua ule mkebe, akamwaga mchanga na mbegu kwenye shimo la takataka, akausuuza mkebe bombani. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Nenda uwaambie. Nyumba kwa nyumba. Wewe mwenyewe, si mimi."

Nilikwenda. Muuza vitenge alicheka akadhani namtania. Mwanamke mmoja alinikaribisha chai, nikamweleza nikiwa nimeshika kikombe, naye akauliza tu, "Na Shangazi yako anajua?" Mwingine alifunga mlango. Yule wa chumba cha wageni alikataa kutupa mbegu zake. Alisema amezizoea.

Shangazi hakunifukuza. Niliendelea kwenda, tulikula pamoja, aliniuliza habari za watoto na bei ya mahindi Kitale. Lakini habari za mimea hakuzungumza nami tena. Nikimsifu bibi kwamba ametoa majani mazuri, aliangalia pembeni, akaitikia, "Ee," basi. Nilidhani kuna wakati wa kutosha, kwamba siku moja atasahau kukasirika. Alifariki mwaka uliofuata kwa ugonjwa wa presha, asubuhi, kabla sijapata gari la kutoka Kitale.

Baada ya matanga, wenye nyumba walitaka kuvunja vile vyumba wajenge maduka. Niliwaza tu kwamba bibi atakuja kwangu. Nilishatayarisha mahali kitaluni, nimepanga mawe, nimechanganya mchanga. Mwalimu akanipigia.

"Ameniachia mimi," akasema. "Alisema mbele ya watu, hata imamu alisikia. Lakini alisema wewe ndiye uchimbe, kwa sababu sasa unajua."

Basi nilichimba. Sikutumia sururu hata mara moja. Nilichimba kwa mwiko na mikono, kutwa nzima, hadi nikapata mizizi yote. Tulimpeleka Kimilili, kwenye shamba la Mwalimu, mahali penye mteremko na mawe, maji hayakai. Nilimpanda juu, shina likichungulia. Mwalimu alisimama nyuma yangu muda wote, kama msimamizi wa mtihani. Nilipomaliza alisema, "Vizuri." Hakuniambia nirudi.

Tangu hapo nimetafuta dume. Nimeuliza wenzangu wa vitalu, nimemwandikia yule mtaalamu nikamtumia picha za majani na za lile gunzi. Alinijibu kwa upole kwamba aina hizi zinakaribiana sana, na bila kujua mlima ilikotoka hawezi kusema kwa hakika ni ipi. Aliniuliza kama hakuna mtu anayekumbuka. Nilimwambia aliyekuwa akikumbuka hadithi yote ni Shangazi, na mimi, katika miaka ile yote niliyokuwa nikimdanganya, sikuwahi kumwuliza mume wake alisemaje kuhusu mlima huo: ulikuwa upande gani, ulikuwa karibu na mji gani. Nilikuwa na shughuli ya kubuni habari za mti uliokufa.

Mwezi uliopita Mwalimu alipiga simu. Bibi ametoa majani mapya kumi na moja, yote kwa siku chache, laini bado, na ana wasiwasi na mbuzi wa jirani. Nilimwambia azungushie miiba. Kisha nikamwuliza kama naweza kuja kuyaona.

"Njoo Jumapili," akasema, "nikitoka kanisani."